Kiolezo cha Kuanzia Programu-jalizi za Obsidian: Shajara ya Mradi

## 3 Februari 2025: Lengo na mahali pa kuanzia

Shajara hii inafuatilia utengenezaji wa kiolezo kimoja ambacho yeyote katika kikundi chetu cha waandishi wa programu hapa Kampala, pamoja na wenzetu walioko Gulu na Mbale, ataweza kukinakili na kuanza mara moja kuandika programu-jalizi (nyongeza) ya Obsidian, programu ya kuandika madokezo, bila kurudia matayarisho yaleyale. Obsidian huhifadhi kila dokezo kama faili la kawaida la Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama chache za mpangilio, ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua: mwalimu anayeandika maandalio ya masomo huyafungua hata pasipo mtandao, na siku akiiacha programu hiyo madokezo yake yanabaki yakisomeka.

Programu-jalizi yenyewe ni folda iliyomo ndani ya `.obsidian/plugins`, yenye faili la `main.js`, faili la `manifest.json` na, ikihitajika, `styles.css`. Watengenezaji wa Obsidian wametoa mfano rasmi uitwao `obsidian-sample-plugin`, ulioandikwa kwa TypeScript (JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za data) na kuunganishwa kuwa faili moja kwa esbuild, na hapo ndipo nilipoanzia. Mfano huo unafaa sana kujifunzia. Hata hivyo, anayeunakili hubaki na maswali mengi ambayo lazima ayajibu mwenyewe: majaribio yaandikwe wapi, mipangilio ihifadhiwe vipi, matoleo yachapishwe kwa njia gani. Nimeona wenzangu wakiyajibu maswali hayo upya katika kila mradi, na kila mmoja akikwama pale alipokwama mwenzake.

Masharti niliyoweka ni matatu. Kiolezo kijengeke bila mtandao baada ya usakinishaji wa kwanza, kifanye kazi kwenye simu ya Android sawasawa na kwenye kompyuta, na majaribio yake yaendeshwe bila kuifungua Obsidian. Sharti la pili halina mjadala kwetu, kwa kuwa wengi wa wanaotumia programu-jalizi zetu hawana kompyuta.

## 8 Februari 2025: Vitegemezi, data na flashi

Jambo la kwanza kubadilishwa lilikuwa mstari mmoja wa `package.json`, faili linaloorodhesha vitegemezi, yaani vifurushi ambavyo mradi hutegemea. Mfano rasmi unataja kifurushi cha `obsidian` kwa neno `latest`, yaani toleo jipya kabisa lililopo siku ya kusakinisha. Hilo lina madhara mawili. La kwanza ni kwamba watu wawili wanaosakinisha katika wiki tofauti wanaweza kupata ufafanuzi wa aina usiolingana. La pili ni zito zaidi: msimbo unaweza kupita kwenye ukaguzi wa TypeScript bila lalamiko huku ukiita kitu ambacho programu ya mtumiaji haina. Tulilishuhudia kwa `getFileByPath`, iliyoingia kwenye Obsidian 1.5.7. Faili la `manifest.json` lilisema kuwa toleo la chini linalokubalika ni 1.4.0, ujenzi ulikamilika vizuri, lakini kwenye simu iliyokuwa haijasasishwa amri ilikatika kwa ujumbe kwamba kitendakazi hicho hakipo. Kwa sasa toleo la kifurushi cha `obsidian` limefungwa kwa namba kamili, nalo hulingana na `minAppVersion`, yaani lile toleo la chini lililomo kwenye `manifest.json`. Hati fupi hulinganisha namba hizo mbili kabla ya ujenzi, na zikitofautiana ujenzi husimama. Hapa kwetu watu huahirisha kusasisha programu za simu ili kutunza data, kwa hiyo ukaguzi huu si wa hiari.

Kisha likaja suala la kugawana vitegemezi. TypeScript peke yake huchukua zaidi ya megabaiti 20 ikishafunguliwa, na si haki kila mshiriki ailipie tena. Njia ya kwanza tuliyojaribu ilikuwa kunakili folda nzima ya `node_modules`, ambamo vitegemezi husakinishwa, kwenye flashi. Haikufaa. Ndani ya esbuild mna faili tendaji lililotengenezwa kwa mfumo mmoja maalumu, hivyo folda iliyotoka kwenye kompyuta ya Windows ilikataa kufanya kazi kwenye Linux, na esbuild yenyewe ikaeleza wazi kwamba imesakinishwa kwa ajili ya mfumo mwingine. Isitoshe, kunakili maelfu ya mafaili madogo kwenye flashi kulichukua muda mrefu kuliko kuyapakua.

Njia iliyofaulu ni kugawana akiba ya npm (programu inayopakua na kusakinisha vifurushi) badala ya `node_modules`. Kwenye kompyuta moja yenye mtandao nilisakinisha kila kitu, kisha nikaongeza kwa mkono vifurushi vya esbuild vya mifumo mingine kwa amri ya `npm cache add`, nikivitaja kwa majina na namba zake, kwa mfano `@esbuild/win32-x64`. Folda ya akiba ikaingia kwenye flashi, na kila mpokeaji akaielekeza npm kwenye folda hiyo na kuendesha `npm ci --offline`. Amri ya `npm ci` hufuata `package-lock.json`, orodha ya namba kamili za vifurushi, neno kwa neno, kwa hiyo wote tunapata vitegemezi vilevile.

Gharama: flashi ya gigabaiti 32 kwa shilingi 25,000, na kifurushi cha data cha shilingi 10,000 kwa kompyuta moja tu. Wengine hawakulipa chochote.

## 15 Februari 2025: Kubadilisha majina

Anayenakili kiolezo anapaswa kubadilisha kitambulisho, jina, mwandishi, jina la darasa kuu na viambishi vya mitindo. Hati ya kwanza niliyoandika ilitafuta neno `sample` katika mafaili yote na kuweka jina jipya, ikaharibu maneno mengine yaliyobeba herufi hizo. Nikabadilisha mafaili yote yawe na alama za kujazwa, kama vile `__KITAMBULISHO__`. Hapo hati ikafanya kazi vizuri, ila kiolezo chenyewe kikaacha kujengeka, kwa sababu alama hizo hazikuwa majina halali. Kiolezo kisichojengeka hakiwezi kujaribiwa, na kisichojaribiwa huoza kimyakimya kila kitegemezi kinapobadilika.

Suluhisho lilikuwa kukiacha kiolezo kiwe programu-jalizi kamili yenye kitambulisho chake, `kiolezo-daftari`, ambacho hakiwezi kutokea kwa bahati mahali pengine popote. Hati husoma `manifest.json` na `package.json` kama data, hubadilisha sehemu husika na kuyaandika upya. Kwenye mitindo na msimbo hutafuta kitambulisho hicho kizima tu. Pia hurudisha `versions.json`, orodha ya matoleo ya programu-jalizi na toleo la Obsidian linalohitajiwa na kila moja, kwenye mstari mmoja, na hukataa kitambulisho chenye neno `obsidian`, kwa kuwa kanuni za Obsidian haziruhusu neno hilo ndani ya kitambulisho.

## 1 Machi 2025: Majaribio bila kuifungua Obsidian

Niliweka Vitest, chombo cha kuendesha majaribio ya msimbo, nikaandika jaribio dogo, na likaanguka kabla ya kufika mstari wa kwanza. Sababu ni kwamba kifurushi cha `obsidian` kilichopo npm kina ufafanuzi wa aina peke yake. Msimbo halisi umo ndani ya programu yenyewe, na sehemu ya `main` katika kifurushi imeachwa tupu, kwa hiyo Vitest haioni pa kuingilia.

Wengi hutatua jambo hili kwa kuandika faili la kuigiza, lenye madarasa ya uongo ya `Plugin`, `Notice`, `Setting` na mengineyo. Nilianza hivyo, na faili likawa linakua kila jaribio lilipogusa kitu kipya, hadi nikawa napima uigizaji wangu badala ya programu. Nikaliondoa. Kiolezo sasa kina folda mbili: `src/kiini`, ambamo hakuna faili linaloruhusiwa kuingiza chochote kutoka `obsidian`, na `src/kiungo`, ambamo mna darasa kuu, amri na ukurasa wa mipangilio. Kiini hupokea maandishi na kurudisha maandishi. Kiungo husoma dokezo, hukiita kiini, kisha huandika matokeo kwa `vault.process`, ambayo husoma na kuandika kwa hatua moja ili mabadiliko mengine yasiingilie katikati. ESLint, chombo cha kukagua msimbo, imepewa kanuni ya kuzuia uingizaji usiofaa ndani ya kiini, na majaribio yote yanahusu kiini.

Nadhani huu ndio uamuzi wenye thamani kubwa kuliko yote katika mradi huu. Mwanafunzi mwenye kompyuta dhaifu anaweza kuandika na kujaribu sehemu kubwa ya programu-jalizi yake bila kuwa na Obsidian wazi pembeni.

## 8 Machi 2025: Tarehe iliyobaki nyuma

Programu-jalizi ya mfano iliyomo kwenye kiolezo ina amri moja: huweka juu ya dokezo kichwa chenye tarehe ya leo kwa Kiswahili, na hutumia tarehe hiyohiyo kwa tarakimu kama jina la faili. Kwa kichwa sikuhitaji maktaba yoyote. `Intl.DateTimeFormat`, ikipewa `sw-UG` na mtindo kamili wa tarehe (`full`), hutoa «Jumatatu, 3 Februari 2025» moja kwa moja kutoka kwenye data ya lugha iliyomo ndani ya programu. Ni furaha kuona Kiswahili cha Uganda kikiwa na nafasi yake katika orodha hiyo ya lugha.

Tatizo lilikuwa kwenye jina la faili. Msimbo wa kwanza ulitumia `toISOString()` na kukata herufi kumi za mwanzo, njia inayopatikana kila mahali. Mwenzetu wa Gulu, ambaye huandika usiku, alieleza kwamba kichwa cha dokezo kilisema tarehe moja na jina la faili likasema ya jana yake. Maelezo yake yalikuwa sahihi kabisa. `toISOString()` hutoa saa ya UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, nasi tuko saa tatu mbele yake, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku kila jina la faili hubeba tarehe ya siku iliyopita.

Kilichonishughulisha zaidi ni kwamba jaribio la tarehe lilikuwapo, na lilikuwa likifaulu kwenye seva za GitHub, tovuti tunakohifadhi msimbo. Lilitengeneza saa saba na nusu usiku ya tarehe 18 Februari kwa `new Date(2025, 1, 18, 1, 30)` na kutarajia `2025-02-18`. Mjenzi huyo wa tarehe hufuata saa za kompyuta inayoendesha jaribio. Seva za GitHub hutumia UTC, ambako saa ya mahali na saa ya UTC ni kitu kimoja, kwa hiyo kasoro haikuwa na nafasi ya kuonekana. Jaribio lilelile likiendeshwa Kampala hutoa `2025-02-17` na kuanguka.

Marekebisho yana sehemu mbili. Kiini sasa huchukua mwaka, mwezi na siku kwa `getFullYear`, `getMonth` na `getDate`, ambazo hufuata saa za mahali, na huongeza sifuri mbele ya tarakimu moja. Aidha, amri ya majaribio huendeshwa kwanza ikiwa na `TZ=Africa/Kampala`, kisha ikiwa na `TZ=America/New_York`, ili kasoro ya upande wowote wa UTC ionekane popote inapopimwa. Anayenakili kiolezo asiiondoe sehemu hii ya pili hata kama programu-jalizi yake haihusiki na tarehe leo. Madokezo na tarehe havikai mbalimbali kwa muda mrefu.

## 15 Machi 2025: Mipangilio yenye tabaka

Mfano rasmi husoma mipangilio kwa `Object.assign({}, DEFAULT_SETTINGS, await this.loadData())`. Kwa mipangilio iliyo bapa hakuna ubaya. Sisi tulikuwa na kipengele cha `muundo` chenye vipengele vingine ndani yake, na `Object.assign` hunakili tabaka la juu peke yake. Mtumiaji mwenye `data.json` ya zamani, faili la mipangilio yake, alipopokea toleo jipya, `muundo` wake wa zamani ulifuta ule wa msingi wote, na kipengele kipya kikakosa thamani. Kwa mtumiaji mpya ikawa kinyume: `muundo` wake ulikuwa ni uleule wa `DEFAULT_SETTINGS`, kwa hiyo kila alipobadilisha kitu alibadilisha pia thamani za msingi, na kitufe cha kurejesha mipangilio ya awali hakikurejesha lolote.

Kiolezo sasa kina kitendakazi kinachonakili thamani za msingi kwa `structuredClone` na kuunganisha tabaka kwa tabaka. Kiko ndani ya kiini, kwa hiyo kinajaribiwa kama vingine. `data.json` imeingizwa kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili yasiyopelekwa GitHub, maana hubeba mipangilio ya mtu binafsi na wakati mwingine funguo za siri.

## 22 Machi 2025: Simu

Programu-jalizi inayoingiza `fs` au `path`, moduli za mafaili za Node (mfumo wa kuendesha JavaScript nje ya kivinjari), hufanya kazi kwenye kompyuta, ambako Obsidian imejengwa juu ya Electron, inayobeba Node ndani yake, lakini kwenye simu moduli hizo hazipo na programu-jalizi hushindwa kuanza. Obsidian ina njia ya kuigiza simu kwenye kompyuta, kwa kuandika `app.emulateMobile(true)` kwenye dirisha la amri la watengenezaji (console), nayo hufaa kuangalia mpangilio wa skrini. Haifai kwa tatizo hili, kwa sababu Node bado iko pale chini.

Ulinzi bora ulipatikana kwenye esbuild. Usanidi wa mfano rasmi huorodhesha moduli zote za Node kama vitu vya nje visivyounganishwa, na ndiyo maana ujenzi hupita kimya. Nikaitoa orodha hiyo. Papo hapo, faili lolote linaloingiza `fs` huangusha ujenzi kwa ujumbe unaotaja mstari wenyewe. Kwa yule anayekusudia kompyuta peke yake, usanidi husoma `isDesktopOnly` katika `manifest.json` na kuirudisha orodha pale thamani hiyo inapokuwa kweli. Tamko na msimbo haviwezi tena kupingana.

Lakini vifurushi vya `@codemirror` na `@lezer`, ambavyo ni sehemu ya kihariri cha Obsidian, vibaki nje daima. Vikiunganishwa ndani ya `main.js`, kihariri hupata nakala mbili za `@codemirror/state`, nacho hukataa kiendelezi kwa kusema hakitambui thamani yake.

Kupeleka programu-jalizi kwenye simu kwa majaribio kunahitaji uangalifu mdogo: folda ya `.obsidian` huanza na nukta, hivyo programu nyingi za kusimamia mafaili huificha hadi uruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane. Makosa yanayotokea kwenye Android husomwa kwa kuunganisha simu na kompyuta kwa waya, kuwasha utatuzi wa USB, na kufungua `chrome://inspect` kwenye Chrome. Kwa iPhone nimeongeza kanuni moja ya ESLint inayokataza ruwaza za utafutaji zinazotazama nyuma (lookbehind), kwa kuwa zilianza kukubalika kwenye iOS 16.4 na simu za kabla ya hapo huangusha programu-jalizi nzima.

Gharama: waya mmoja wa USB unaopitisha data, shilingi 10,000. Nyaya za bei nafuu nyingi huchaji tu, kwa hiyo ujaribu dukani kabla ya kulipa.

## 5 Aprili 2025: Kuchapisha toleo 1.0.0

Obsidian hutaka tagi ya toleo (jina linalobandikwa kwenye msimbo wa toleo hilo) ifanane kabisa na namba iliyomo kwenye `manifest.json`, bila herufi `v` mbele. Amri ya `npm version` huiweka herufi hiyo kwa mazoea yake, na huzuiwa kwa mstari wa `tag-version-prefix=""` katika `.npmrc`. Amri hiyohiyo huendesha hati inayosasisha `manifest.json` na `versions.json`. Faili hili la pili lisidharauliwe: simu yenye Obsidian ya zamani hulitumia kupata toleo la mwisho la programu-jalizi linaloifaa.

Tagi ikifika GitHub, mtiririko wa kazi, yaani hatua zinazojiendesha zenyewe kwenye seva zake, hujenga, huendesha majaribio, na huandaa rasimu ya toleo yenye `main.js`, `manifest.json` na `styles.css`, kila moja peke yake, kwa sababu Obsidian huyapakua moja moja. Kwenye hazina yangu ya msimbo hatua hii ilikwenda vizuri. Kwenye hazina ya kwanza iliyotokana na kiolezo ilikataliwa kwa kukosa ruhusa, maana kitufe cha kutumia kiolezo hunakili mafaili na si mipangilio ya hazina, na hazina mpya hupewa ruhusa ya kusoma tu. Ruhusa ya `contents: write` sasa imeandikwa ndani ya faili la mtiririko wenyewe, hivyo husafiri pamoja na kiolezo.

GitHub haitozi hazina za wazi, wala mitiririko ya kazi inayoendeshwa ndani yake, kwa hiyo hatua hii haikugharimu kitu zaidi ya data ya kusukuma msimbo.

Wenzetu wa Mbale wameanza programu-jalizi ya kukusanya kazi za wiki kutoka kwenye madokezo ya kila siku, na wanaijaribu kwenye simu zao kupitia BRAT, inayosakinisha matoleo ya majaribio kutoka GitHub. Kilichosalia upande wangu ni kuhamisha ujumbe wote wa skrini kwenye mafaili ya `sw.json` na `en.json`, kwa sababu kwa sasa umetawanyika ndani ya `src/kiungo`. Kazi hiyo itaingia kwenye toleo 1.1.0, pamoja na ukaguzi wa kusimamisha ujenzi iwapo ujumbe uliopo kwenye faili moja haupo kwenye lingine.